Nundu Niliyoinyoosha Ndani ya Mandolini ya Mpishi

Sufuria ikiletwa kwako usiiangalie kwanza. Igonge na kidole hapa pembeni, halafu unyamaze. Ikilia tiiing, ni nzima, mwenyewe anatafuta tu mtu wa kuongea naye. Ikilia tep, kuna ufa, hata kama huuoni. Na ikilia kama mtu amefungwa mdomo na leso, hiyo ilichomwa, na mwenyewe yuko karibu kukudanganya.

Watu wote hudanganya fundi. Nimekaa kwa veranda ya duka pale soko ya Kasikeu miaka yangu yote ya nguvu, na nyundo na kipande cha reli cha kupigia, na sijawahi kuona mtu aliyechoma sufuria. Hata mmoja. Mke wa mwalimu alikuwa analeta sufuria nyeusi mpaka kwa kifuniko, halafu na ile sauti yake ya kupitia puani, "Mama Mutua, mimi hata sijui, niliikuta tu hivi." Dereva wa lori ya mchanga, yule wa kuongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto, "Mama, hii redieta ilitoka huko Mombasa hivi hivi." Hata shemasi wa kanisa, pole pole, kama anafunga maombi, "Dada, adui alipita jikoni." Wote waliikuta hivyo. Ukiwapanga mstari mmoja watafika stesheni ya Sultan Hamud.

Wakishaenda nilikuwa nawaiga. Nawaiga sauti, nawaiga na kutembea, soko yote inashika mbavu. Kwa hivyo hii ya leo nawaambia nikiwa nimejicheka mwenyewe kwanza. Mjukuu wangu Mwende ndiye anaandika, sababu mimi na kalamu hatukujulishwa. Mwende, usinitengeneze. Andika vile natoka mdomoni.

Ninyi mnaotoka polytechnic na aproni safi mnaniuliza kama nyanya yenu, "Susu, ni kazi gani ilikushinda?" Mnafikiri nitasema birika ya mdomo mrefu. Birika ni ya watoto. Iliyonishinda ni mandolini, ndugu mdogo wa gitaa.

Ngoja kwanza niwaambie nilivyopata nyundo. Mume wangu alikuwa Mombasa, bandarini. Alikuwa anakuja kama mvua ya huku: ukimngoja haji, usipomngoja anakuta hujalima. Nikaona nitakaa hivi mpaka lini. Hapo sokoni kulikuwa na Mzee Nzioka, aliyefanya kazi ya reli Makindu mpaka sikio moja likafa kwa kelele ya nyundo. Alikuwa anaziba sufuria, taa, ndoo, kila kitu cha bati. Nikaenda nikakaa hapo. Hakuniuliza nataka nini. Siku ya tatu akanigeuzia ule upande wa sikio zima, na ile sauti yake ya mchanga, akasema, "Wewe mwanamke, kama hauondoki, shika hiyo." Akanipa ndoo.

Nzioka alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza ni hiyo nimewaambia: gonga, sikia, halafu ndio ushike nyundo. Ya pili: "Sufuria nzuri haina nundu." Ukiona nundu, kuna mtu aliigonga, na kazi yako ni kuirudisha vile ilizaliwa. Kunyoosha nundu kunataka mkono mwepesi. Unaweka sufuria juu ya reli, unatumia nyundo ya mti, si ya chuma, unaanzia nje unaenda katikati ukizunguka, kama unafukuza kuku waingie nyumba bila kuwatisha. Nikawa mzuri. Nikawa mzuri kumshinda yeye, na hiyo ndiyo shida.

Sasa, Mpishi. Jina lake lilikuwa Muthiani, lakini hapa sokoni hakuna aliyeitumia isipokuwa watu wa kwao. Alikuwa amepikia mzungu wa makonge huko upande wa Kibwezi miaka mingi. Uhuru ikaja, mzungu akafunga sanduku akaenda kwao, na Mpishi akarudi Kasikeu na kaptula za kaki zilizopigwa pasi mpaka ungekatia kitunguu. Na alirudi na mandolini.

Msifikirie zile za mbao mnaona kwa bendi. Hii ilikuwa ya chuma yote, tumbo na mgongo, inang'aa kama treya ya zahanati. Mgongoni imechorwa maua. Mahali mkono wake ulikuwa unalala, ile nyeupe ilikuwa imeisha na chini ikaonekana njano. Waya nane, mbili mbili, kama wasichana wanaoenda kuchota maji. Yale masikio ya kukazia waya, moja lilivunjika akaweka la msumari uliokunjwa. Na kwa tumbo, mbele, kulikuwa na kifuniko cha mviringo chenye matundu, kama chujio kubwa ya chai.

Kanisani kwetu ngoma haikukubaliwa. Pasta alikuwa akisema, akiinua kidole na kufunga macho, "Ndugu zangu, ngoma ni ya kuchezea kilumi, na kilumi ni ya mapepo." Basi tulikuwa tunaimba mikono mitupu mpaka Mpishi alipokuja na chuma yake. Siku ya kwanza aligusa waya moja tu. Mimi ni mtu wa kusikiliza vyombo, na nawaambia sijasikia kitu kama hicho. Sauti haikutoka kwa waya. Ilishuka ndani kwanza, ikazunguka huko, halafu ikatoka ikiwa kubwa kuliko mwenyewe, na ikakaa hewani kama haijui njia ya kwenda. Hata watu wa sokoni huko nje walisimama. Mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tunamwita Mwaitu sisi wote, alinishika mkono akaninong'oneza, "Syombua, hiyo kitu iko na mtu ndani."

Nilicheka. Lakini nilicheka kidogo.

Baadaye, kiangazi kimoja, mandolini ilianza kunguruma. Mpishi akigusa waya ya chini, kitu ndani kinajibu, ngrrr, kama mbwa chini ya kitanda. Wanawake wakaanza kuhamia viti vya nyuma. Wiki ya pili viti vya nyuma vilijaa mpaka mlangoni, na mbele amebaki pasta, Mpishi, na shemasi ambaye hasikii vizuri.

Mpishi akaniletea Jumatatu, imefungwa kwa kitambaa cha meza.

"Mama fundi," akasema, kifua mbele, "dis is not sufuria."

"Naona. Haina mshikio."

"Toa kelele tu. Kingine usiguse. Bwana wangu alikuwa akisema hii ni delikate."

"Delikate ndio nini?"

"Ni kama yai."

"Na kwa nini umeleta yai kwa mtu wa nyundo?"

Soko ikacheka. Na yeye akacheka, akaniachia.

Nililegeza waya kwanza. Hiyo mshike: kitu chochote kiko na waya imevutwa, legeza kabla ya kufungua, la sivyo itakukata uso. Halafu nikatoa skurubu moja moja, nikaziweka kwa kifuniko cha kiwi ya viatu zisipotee. Nikainua ile chujio. Na nikaruka nyuma mpaka nikaangusha taa ya mtu.

Ndani kulikuwa na buibui. Buibui wa chuma, miguu minane, amekaa juu ya sahani nyeupe, na amebeba daraja la kukalia waya mgongoni. Nilijua ni chuma. Niliona ni chuma. Lakini maneno ya Mwaitu yalikuja, na ngozi yangu ikasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nilisema jina la Mungu, nikatoa buibui na bisibisi, bila kumgusa na kidole.

Chini yake ile sahani ilikuwa ya alminiamu, nyembamba kama kifuniko cha mkebe wa maziwa. Nikaiinua nayo. Na huko chini kabisa, kwa pembe ya tumbo, nikaona mbwa wetu wa kunguruma: nyumba ya nyigu. Ile ya matope, imekauka, imeachana na chuma kidogo, nyigu wamekufa ndani. Mandolini ikilia, matope inatetemeka. Basi. Nikaibandua na kijiti, nikapangusa na kitambaa. Nikagonga sahani na ukucha, kwa ile sheria ya kwanza. Ililia, watoto wangu. Ililia mpaka nikavuta pumzi nikaiachilia na bado inalia. Sahani ilikuwa nzima.

Kazi iliishia hapo. Ningerudisha sahani, nirudishe buibui, nifunge, nile ugali wangu. Mkono haukujua kazi imeisha.

Sababu niliangalia ile sahani nikaona nundu. Katikati imeinuka, kama mtu ameipiga ngumi kutoka chini, na pembeni imezungukwa na makunyanzi, mduara ndani ya mduara. Nikasema, hawa nyigu si shida, shida ni hii. Nani alipiga kitu ya watu hivi? Sikio limeniambia nzima, jicho limeniambia nundu, na mimi nikaamini jicho. Sikumwuliza Nzioka. Sikumwuliza Mpishi. Nilitaka Jumapili watu waseme, "Syombua ameifanya iwe nzuri kuliko mzungu." Nikaiweka juu ya reli, nikachukua nyundo ya mti, nikaanzia nje nikienda katikati. Ilinyooka kwa urahisi sana. Ilikuwa kazi safi kushinda zote nimewahi kufanya. Sahani ikalala kama chapati.

Nikarudisha kila kitu. Buibui alikaa upande, miguu mingine hewani. Nikamkaza na skurubu mpaka akakubali. Nikavuta waya, nikagusa moja.

Tep.

Nikagusa ingine. Tep. Kama kugonga debe ya uji. Nikakaa hapo na mandolini magotini, na jua ilikuwa ya saa sita, na nilisikia baridi.

Mpishi alikuja siku iliyofuata. Alikaa kwa sanduku langu la wateja, akakunjua kitambaa, akaweka vidole. Tep. Akavua kofia. Akajaribu tena. Mke wa mwalimu alikuwa hapo na sufuria yake, akaiweka chini.

"Mama fundi. Umefanya nini?"

Na mimi, na huu mdomo wangu wa kuiga watu, nilifungua nikasikia inatoka sauti ya puani ambayo siitumii kwa kujua: "Mimi hata sijui. Niliikuta tu hivi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliifunga kwa kitambaa chake, kona kwa kona, akasema "Sawa" kama mtu ameambiwa chakula kirudi jikoni. Akaenda.

Baada ya siku mbili mzee wa ukoo wa Mpishi alikuja nyumbani. Mrefu, mkavu, anaongea akiangalia mbuzi, haangalii wewe. "Muthiani anasema uliua kitu chake. Wewe unasema ulikikuta kimekufa. Mmoja wenu ako na ndimi mbili. Siku saba kutoka leo tutaenda kithitu."

Ninyi mnaangaliana mkicheka. Ngojeni. Kithitu si koti ya hakimu, koti unaweza kukata rufaa. Kithitu ni kiapo. Kuna kitu kimefungwa kwa ngozi kuukuu, na ndani hakuna anayesema ni nini. Hakiwekwi nyumbani, hakipitishwi shambani, sababu kinakausha. Hakiguswi na mkono. Unakigusa na kijiti, unasema maneno yako, na kama ni uwongo kinaanza kula. Na hakianzi na wewe. Kinaanza na kile unapenda. Ng'ombe, halafu mtoto, halafu mtoto ingine, na wewe unabaki wa mwisho ili uone vizuri.

Nilikuwa na Kalondu wa miaka mitatu, na Mutua kwa titi.

Hizo siku saba sijui nilikula nini. Siku ya kwanza kifaranga kilikufa na mimi nikakizika kabla Mwaitu hajaona. Kifaranga, kitu kinakufa kila siku. Siku ya pili nilienda kwa pasta. Akaniinulia kidole. "Mama Mutua, kithitu ni kazi ya Shetani, mkristo hawezi kuogopa kitu hicho." Nikafurahi. Halafu akashusha kidole, akashusha na sauti, "Na mtapitia njia gani siku hiyo? Isiwe karibu na shamba langu la mbaazi."

Nikaenda kwa Mzee Nzioka, amelala kitandani na kifua chake. Nilimwambia yeye peke yake kila kitu, kwa sikio zima. Akasema, "Uligonga kwanza?"

"Niligonga."

"Ikalia?"

"Ikalia."

"Na ukanyoosha."

"Wewe ulisema sufuria nzuri haina nundu."

"Nilisema sufuria," akasema. Alikohoa kwa muda mrefu. "Ile nundu ndio ilikuwa koo lake. Ukidanganya sufuria itavuja, utaziba. Ukidanganya kile kingine cha wazee..." Akageuza kichwa, akanipatia lile sikio lililokufa. Hapo hata ukilia hakusikii.

Siku ya nne Mutua akapata homa. Mwili kama jiko. Nilimbeba mpaka zahanati, wakampa dawa, dresa, yule muuguzi, akasema, haraka haraka kama mtu anauza njugu, "Malaria mama, malaria tu, msimu wake, next." Lakini hata mbu hazikuwa nyingi mwaka huo. Nilirudi nikimsikiliza kupumua. Nilikuwa namgonga mgongoni na kidole, kidogo, kama sufuria, nisikie kama ni mzima. Mwaitu alikuwa mlangoni anapeta ndengu. Hakuinua macho.

"Syombua. Kama ni wewe, sema. Hao ni wajukuu wangu."

"Niliikuta hivyo, Mwaitu."

Akaendelea kupeta. Zile ndengu zilikuwa safi kitambo, na akaendelea tu kupeta.

Mnajua uwongo ni kitu gani? Ni nundu. Ukiipiga inatoka upande wa pili. Nikisema ukweli, kazi imeisha, nani tena ataniletea hata kijiko. Na kazi ndiyo ilikuwa inalisha hao watoto. Nisiposema, nitaapa, na hao watoto ndio wataliwa. Niliizungusha hivyo siku saba juu ya reli na sikupata mahali pa kuanzia nyundo.

Siku ikafika. Asubuhi, umande umekauka. Tulienda mahali pa mawe nyuma ya kilima, hapapandwi kitu, hata mbuzi hazipendi. Mutua nilikuwa nimemwacha na Mwaitu, bado moto. Wazee walikaa upande upepo unatoka. Kile kitu kilikuwa chini, kidogo, kichafu, kama kiatu cha mtoto kilichosahaulika. Nilitaka kucheka.

Yule mzee mrefu akasema, akiangalia mawe, "Anayedai ndiye anaanza. Muthiani, shika kijiti. Sema: hii mandolini ni yangu, niliipata kwa njia ya haki, na huyu mwanamke ameiharibu. Kama nadanganya, kithitu kinile mimi na nyumba yangu."

Mpishi alikuwa amepiga pasi hata siku hiyo. Akashika kijiti, akapiga goti moja. "Hii mandolini," akasema. "Hii mandolini ni..."

Kijiti kilishuka, kikarudi juu kabla hakijagusa.

"Sema," mzee akasema.

"Nasema." Jasho lilikuwa linashuka kwa ule mstari wa pasi. "Hii mandolini ni yangu. Niliipata... Niliipata..."

Mimi macho yangu yanaweza kukosea, lakini sikio langu ni la Nzioka. Yale maneno yalilia tep. Na hapo nikajua, kama nimeambiwa: huyu mtu naye anaogopa. Huyu mtu ako na ufa wake.

Na nikaona mlango. Akishindwa kuapa, kesi imekufa. Hakuna atakayeniuliza mimi kitu. Nitashuka kilima na jina langu, nitarudi kwa veranda, nitaiga sauti yake kesho soko icheke. Nilikuwa nahitaji tu kunyamaza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona faida ya kunyamaza.

Lakini ndugu zake walikuwa nyuma yake wamesimama, mmoja akanong'ona, "Muthiani, unatuaibisha." Aliinua kijiti mara ya tatu, na sasa alikuwa anaenda kusema, uwongo ama si uwongo, sababu ya macho ya watu. Alikuwa na watoto sita. Nilikuwa nawajua wote, nimeziba vikombe vyao. Wataliwa mmoja mmoja kwa sababu ya nyundo yangu.

"Mimi ndiye," nikasema.

Kijiti kikasimama hewani.

"Mimi ndiye niliinyoosha. Ilikuwa nzima. Nilitoa nyigu na kelele ikaisha, halafu nikaona nundu nikaipiga. Niliikuta inalia. Usiseme kitu, Mpishi. Weka hiyo kijiti chini."

Msinisifu. Sikusema sababu mimi ni mzuri. Nilisema sababu uoga ulikuwa umekuwa mkubwa kushinda aibu, na hiyo ilikuwa siku yake ya kushinda. Mpishi aliweka kijiti chini pole pole, kama analaza mtoto. Akaniangalia. Akajua kwamba najua. Wazee walinitoza mbuzi wao wa kusafisha maneno, wakaenda.

Mutua alitoka jasho jioni ile. Dresa angesema ni dawa. Mwaitu alisema ni ulimi wangu umerudi mahali pake. Mimi nilikuwa nalia kwa shuka.

Sokoni nilipoteza wateja mpaka kiangazi kikaisha. Na sasa wao ndio walikuwa wananiiga. Napita na ndoo, mke wa mwalimu kwa dirisha lake, "Niliikuta tu hivi." Nami nilistahili. Na alikuwa ananiiga vizuri, yule mama, kumbe alikuwa na kipaji.

Sahani ingine nilitengeneza. Hakuna aliyenituma. Nilichonga kibao cha mukau, mti haupasuki ovyo, nikaipatia nundu katikati na mifereji pembeni vile nilikumbuka. Nikachukua kifuniko cha sufuria nyembamba, nikakichoma kidogo juu ya makaa kilegee. Alminiamu haikuonyeshi ikiiva, haiwi nyekundu. Unapaka sabuni ya kipande, sabuni ikigeuka kahawia toa haraka. Nikaipiga kufuata kibao. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilikuwa nene, tep. Ya tatu ilipasuka nikatupa nyundo kichakani na kwenda kuitafuta. Ya nne niliigonga na ukucha ikalia, si kama ile ya zamani, lakini ikalia.

Nikamwita Mpishi alete mandolini, nikaitia hiyo sahani, akacheza waya moja. Ilikuwa kama mzee anaimba akiwa na baridi. Lakini ilishuka ndani, ikazunguka, ikatoka. Akaisikiliza mpaka ikaisha. Hatukuwa na mtu karibu.

"Mama fundi," akasema, na hiyo siku hakuweka Kizungu hata kidogo. "Siku bwana anaenda alisema, vitu vyote viko jikoni ni vyako, Muthiani. Alisema mbele ya watu. Na mandolini ilikuwa jikoni."

"Basi ni yako. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Ilikuwa jikoni sababu mimi niliiweka jikoni. Asubuhi ile, nikiitoa sebuleni."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Halafu nikaona uso wake nikaufunga. Hatukuongea hiyo maneno tena, na sikumwambia mtu mpaka akafa. Kila kiangazi aliniletea nitoe nyigu. Wanapenda hiyo tumbo, sijui kwa nini, ni kama wameandikiwa. Miaka ikaenda, zikaja sahani za plastiki, ndoo za plastiki, watu wakaanza kutupa sufuria badala ya kuziba, lakini Mpishi alikuwa anakuja na kitambaa chake. Mwaka mmoja, tayari ni miaka hii ya tisini, aliileta na hakuja kuichukua. Nilienda kumzika. Watoto wake sita walikuwepo wote, wazima, wengine na vitambi. Niliwahesabu nikiwa nyuma. Nikawauliza mandolini niipeleke wapi. Mkubwa akasema, na ile sauti ya baba yake, kifua mbele, "Mzee alisema ibaki kwa fundi."

Nilirudi nayo, mikono imejaa, nikaitundika mahali kulikuwa na msumari. Na ikakaa. Lori ya mchanga ikipita huko barabarani, inajibu peke yake ukutani, mmm, chini chini. Ni waya tu, najua. Hata hivyo huwa nasimama mpaka inyamaze. Juzi Mwende aliniuliza, "Susu, hii ni ya nani?" Nikasema ongeza kuni.

Anayetaka kujifunza ile sahani aje, kibao cha mukau bado kiko na nitamwonyesha mpaka ajue. Na siku nikifa msigombane, mabinti na mabibi za vijana wangu, nimeshasema wazi: vitu vyangu vyote vya jikoni gawaneni, ni vyenu.

Lakini ule msumari uko jikoni. Kwa hivyo hiyo mandolini itoeni kwanza.